Tija ya Mraba

Mama Afisa alikuwa ameshusha ndoo ya mwisho kutoka kichwani aliposikia mtu anakohoa nyuma ya ua. Kilikuwa kikohozi cha makusudi, cha mtu anayetaka ujue kwamba amekuona. Jua lilikuwa limeshachomoza, na yeye, mwanamke mzima na heshima zake, alikuwa amenaswa akimwaga maji ya kunywa kwenye kipande cha shamba kisichozidi ukubwa wa kitanda cha watu wawili.

"Shemeji," yule mtu alisema, "hayo maji si umeyateka juu kule kisimani? Umeteremka nayo kilima chote kuja kuyamwaga chini?"

"Nenda zako."

"Mimi nauliza tu."

Ndiyo kawaida yake, kuuliza tu. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwema asiye na tatizo isipokuwa mdomo, na bonde zima lilimwita Redio. Habari ikishaingia sikioni mwake haikulala humo. Mama Afisa alimtazama akiondoka kwa mwendo wa mtu aliyeokota kitu, akajua kabla ya chai ya asubuhi majirani wote watakuwa nayo. Hakujali sana. Alichojali kilikuwa ndani ya vigingi vinne vyekundu miguuni pake, akainama kukisawazisha kwa mkono.

Bonde lile zamani lilikuwa linalisha watu. Kisha wakaja wachimba mfereji, wakaleta maji mengi wala wasiyachimbie pa kutokea. Maji yakakaa chini ya mashamba, yakaiamsha chumvi iliyokuwa imelala huko, ikapanda pole pole mpaka ikatokeza juu, nyeupe, kama unga uliomwagwa na mtu asiyejali njaa. Mahindi yalikauka yamesimama kwenye tope, na hilo ndilo lililowauma watu kuliko yote. Mumewe aliendelea kubishana na udongo huo mwaka baada ya mwaka mpaka akaanguka. Daktari alitaja ugonjwa wenye jina refu. Mkewe aliitikia kwa adabu, lakini moyoni hakuwa na shaka kilichomuua ni kitu gani.

Mradi wa kuliponya bonde ulipokuja, binti yao alikuwa ametoka chuoni na karatasi zake safi, akaajiriwa kuwa mpimaji. Tangu siku hiyo watu wakaanza kumwita Afisa, nusu kwa mzaha na nusu kwa fahari, na mama yake akawa Mama Afisa. Mradi ulichimba mitaro ya kutolea maji, ukafunga pampu kubwa mtoni ya kuleta maji safi ya kuuosha udongo. Mashamba yalipandwa majani magumu yasiyojali chumvi, na wenyewe wakaambiwa wasiyaguse mpaka ardhi ipone. Wakawa wanaishi kwa vibarua na kwa subira.

Katikati ya kila shamba vilipigwa vigingi vinne vya chuma, vyekundu. Katikati ya vigingi ndio mraba, na kwenye mraba peke yake mtu aliruhusiwa kupanda mahindi. Kila msimu Afisa alifika na kijiti chake cha chuma chenye kioo kidogo cha tarakimu, akakichomeka kwenye mraba kusoma chumvi, kisha akavuna na kupima uzito. Mavuno yale yaligawanywa kwa maji ya pampu yaliyotumika shambani, na jibu lake likaitwa tija. Mkuu wa Mradi alilipenda neno hilo kama mtoto anavyopenda filimbi. Alilipuliza mikutanoni, alilipuliza kwenye simu, na wageni wakija alilipuliza mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Sasa, msimu wa kwanza filimbi haikulia. Miraba yote ilikuwa vipara. Mkuu alimuuliza Afisa, mbele ya wapimaji wenzake, kama ana hakika anajua kukishika hicho kijiti, au alikuwa amesinzia siku waliyofundishwa. Watu wakacheka. Wikiendi hiyo alikuja nyumbani, akasimama jikoni ameupa mlango mgongo, akasema machozi ni ya vitunguu. Mama yake alitazama meza. Kitunguu hapakuwa na hata kimoja.

Mwanangu hatachekwa kwa ajili ya shamba langu, alijiambia. Afisa aliporudi kwenye nyumba za wafanyakazi mjini, mama alichukua jembe, akachimbua udongo wote wa ndani ya vigingi mpaka kina cha goti, akautupa mtaroni. Akapanda kilimani nyuma ya nyumba, akaanza kuteremsha udongo mwekundu, kikapu baada ya kikapu, akauchanganya na samadi. Kisha ndoo za maji. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anatembea upande kama kaa, na mtu akimuuliza alisema amelala vibaya.

Hata siku moja hakujiona mdanganyifu. Mgeni akija unafagia sebule, vyumba vya ndani vikibaki vilivyo ni shauri lako mwenyewe. Mraba ndio uliokuwa unatazamwa, basi akauosha uso.

Na Redio, baada ya asubuhi ile ya kukohoa, alifanya kazi yake. Majirani walisikia, wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Nani atakubali mraba wake uwe kipara wakati wa jirani una nywele? Tena binti alikuwa wa kwao wote, walimbeba mgongoni wakati mama yake akipalilia, na habari kwamba amechekwa huko ofisini iliwauma wao pia. Hawakuwa na haja ya kupanda kilima kutafuta udongo mwingine. Waliusuuza uleule wa kijivu kwa ndoo, asubuhi na jioni, wakautilia samadi, wakausuuza tena. Maji ya pampu yalihesabiwa mpaka tone. Maji ya vichwani mwa wanawake hayakuhesabiwa na mtu.

Hapo sasa tija ikapanda. Ikapanda msimu wa pili, wa tatu ikaruka, na uliofuata Mkuu akaanza kuleta wageni wenye viatu visivyofaa tope, wakasimama kando ya miraba wakapigwa picha na mahindi. Kuzunguka miraba, yale majani magumu yalikuwa kijani kibichi, yanapendeza, na chini yake chumvi imekaa raha mustarehe. Afisa alinenepa mashavu. Alianza kucheka kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya tangu baba yake afe. Mama akimwona hivyo, alikuwa anasahau mgongo.

Siku ya mkutano waliitwa wote kwenye ghala la Mradi. Walikaa kwenye mabenchi katikati ya magunia, harufu ya mbolea imejaa puani, na Mkuu akasimama mbele akiwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Akampa Afisa nafasi ya kusoma matokeo. Msichana alisoma vizuri, hakutetemeka, na mama yake kwenye benchi la pili alijikuta anatikisa kichwa kufuata sauti kama mtu anayesikiliza wimbo.

"Ndugu zangu," Mkuu alisema Afisa alipomaliza, "bonde hili limepona. Tija yenu imepita ya mabonde yote tunayoyasimamia. Maji kidogo, mavuno makubwa! Kwa hiyo kesho asubuhi pampu inang'olewa. Inapelekwa kwa wenzenu ambao bado wanateseka. Ninyi msimu ujao ng'oeni majani, limeni mashamba yenu yote. Na huyu binti yenu ndiye atakayekwenda kusimamia kazi huko."

Watu walipiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya kuchelewa, ya mikono inayongoja mingine ianze. Walikuwa wamefikiri, masikini, kwamba anayefaulu huongezewa. Hakuna aliyewaza kuwa pampu ni dawa, na dawa huondolewa kitandani mgonjwa akisema amepona. Mama Afisa aligeuka kumtafuta shemeji yake. Redio alikuwa amekaa karibu na mlango, ameuma midomo, anatazama viatu vyake. Wengine wote walikuwa wanamtazama yeye, Mama Afisa. Alielewa. Kila mmoja alikuwa anajua, na kila mmoja alikuwa anamwachia yeye aseme, kwa sababu aliyekuwa amesimama pale mbele, uso unang'aa, alikuwa wa tumbo lake.

Nje ya ghala Redio alimshika mkono.

"Sema wewe, shemeji."

"Na mdomo wako leo umeuweka wapi? Miaka yote hiyo tunakuomba unyamaze."

"Mimi nikisema nimemmaliza mtoto wa kaka yangu. Nitakwenda kumwambia nini kaka huko aliko?"

"Kwa hiyo nimmalize mimi?"

Redio alimwachia mkono, akaenda zake, na kwa mara ya kwanza watu walimwona anapita kwenye kundi bila kusimama.

Jioni Afisa alipika mwenyewe. Alimkalisha mama kwenye kiti kama mgeni, akawa anazungumza huku anakwangua sufuria, mara hili mara lile: nyumba atakayopewa huko, chumba cha mama, choo cha ndani ambacho mama hatakubali kukitumia wiki ya kwanza halafu hatataka kutoka. Mama alicheka panapostahili. Alipiga moyo konde mara ya kwanza, akafungua kinywa, akaomba maji ya kunywa. Akajikaza tena.

"Mwanangu, lile shamba..."

"Baba angeliona," Afisa alisema. Alikuwa ameacha kukwangua. "Ndilo ninalowaza, Mama. Wakati Mkuu anasema limepona, nilimwona Baba amesimama pale na jembe. Angetukana kwa furaha."

"Angetukana, kweli," mama alisema, na maneno mengine yakamrudia tumboni.

Alfajiri lori la Mradi lilipita barabarani kwenda mtoni. Mama Afisa aliusikiliza muungurumo wake mpaka ukafifia, akatoka na jembe. Aling'oa vigingi vyote vinne. Alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani. Alitembea navyo mpaka pembeni mwa shamba, akafyeka majani magumu, akavipigilia pale kwa kisogo cha jembe. Udongo ulikuwa na ukoko mweupe. Aliponyanyua kichwa Afisa alikuwa amesimama kwenye mtaro, mswaki mkononi, khanga begani.

"Mama, unafanya nini?"

"Lete kijiti chako. Pima hapa."

"Rudisha vigingi."

"Nimekwambia pima hapa! Kule ulikuwa unapima udongo wa kilimani. Mimi niliubeba. Mimi niliumwagilia. Shamba halijapona, mwanangu, nilikuwa naliosha uso ili wasikucheke."

Alitegemea kilio, au kelele. Afisa alikuja taratibu, akachuchumaa, akachukua udongo ule mweupe akausugua kati ya vidole bila kuutazama.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu msimu wa pili. Mama, bonde lote ni la kijivu. Wewe peke yako una udongo mwekundu. Ulidhani nilisomea nini miaka yote ile?"

Mama Afisa alikalia jembe lake.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nikusimamishe mbele ya watu, nikwambie mama yangu ni mwongo? Niliona vile vikapu mlangoni. Niliona mgongo wako." Sauti ilianza kumkatika, akaisubiri irudi. "Nikasema ni mraba mmoja tu. Kwa hiyo nikawa nauacha. Kila msimu nilikuwa napima wako kwa ajili yako, ufurahi, halafu siutii kwenye hesabu. Tija ya bonde niliitoa kwenye miraba ya majirani. Wako sijawahi kuuhesabu, Mama. Hata mara moja."

Mama alifikiria vile vikapu vyote na zile ndoo, na njia ya kilimani aliyoichonga kwa nyayo zake mwenyewe. Vilikuwa vimekwenda bure, na laiti vingekwenda bure tu.

"Majirani," alisema mwishowe. "Hukujua."

"Kujua nini?"

"Redio aliniona na ndoo."

Hakuhitaji kuongeza. Uso wa Afisa ulibadilika pole pole, kama wa mtu anayesikia mlango unafungwa ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu. Alitupa mswaki, akakimbilia kibarazani kuchukua kijiti, akaruka mtaro kuingia shamba la baba yake mdogo. Akakichomeka nje ya vigingi. Akasoma, akachomoa, akachomeka mbele zaidi. Akavuka kwenda shamba la pili, na la tatu. Mama alimfuata kwa mwendo wake wa upande. Watu walitoka majumbani, wakasimama milangoni. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini na hakuna aliyemzuia. Redio alikuwa amekaa kizingitini kwake ameshika kichwa, na mtoto wa kaka yake alipopita mbele yake hakumsalimia.

Walilikuta lori mtoni. Pampu ilikuwa imeshafunguliwa na kupakiwa, imefungwa kamba, inavuja matone kwenye vumbi. Mkuu alikuwa anasaini kitu juu ya boneti. Afisa alimweleza yote palepale, akihema, miguu imejaa tope, khanga bado iko begani. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Haikuwa rahisi kumchukia wakati huo, maana alikuwa amezeeka ghafla.

"Wewe ulijua lini?" aliuliza.

Angeweza kusema leo. Mama yake, aliyekuwa nyuma yake, alimwomba kimoyomoyo aseme leo, mwanangu, sema leo.

"Ya majirani nimejua leo," Afisa alisema. "Ya mama nilijua tangu msimu wa pili."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Mkuu alikunja karatasi yake. "Huko tunakokwenda kuna watu wamengoja miaka miwili," alisema, bila ukali. "Wao wametuonyesha vipara vyao. Niwaambie nini? Kwamba pampu imebaki kwa watu waliotuficha? Nani ataniamini tena hata nikisema leo ni Jumatatu?" Akafungua mlango wa lori, akasimama kidogo. "Kijiti hicho ni cha Mradi."

Afisa alimkabidhi. Alikifuta kwanza tope kwa pindo la khanga.

Msimu uliofuata watu walilima mashamba yote, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Mahindi yaliota, yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakawa njano, yakalala. Majani magumu yalikuwa yameng'olewa, kwa hiyo ile nyeupe ilirudi juu waziwazi, ikawa inaumiza macho mchana. Wanaume waliondoka mmoja mmoja kutafuta kazi. Wengine walimlaumu Mama Afisa, wengine walimlaumu Redio, na wengi walijilaumu wenyewe na kwa hiyo hawakutaka kuonana. Redio aliuza mbuzi wake, akahamia kwa mwanawe. Siku ya kuaga alikohoa nje ya ua kwa muda mrefu, lakini hakuingia.

Mjini hakuna ofisi iliyomtaka mpimaji yule. Alirudi kwenye chumba chake cha utotoni. Jina la Afisa lilimwanguka lenyewe, hakuna aliyelivua, ila mama yake watu waliendelea kumwita Mama Afisa kwa mazoea, na kila alipoitikia moyo ulimchoma.

Kilichobaki hai shambani kilikuwa ule mraba mwekundu. Binti alipanda mboga humo, na mboga zilikubali. Hizo ndizo walizokula. Kila jioni alichuchumaa pembeni yake, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akasogea kidogo ndani, akaonja tena.

"Imefika wapi?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Imevuka pale kigingi kilipokuwa."

Mama Afisa alijitwisha ndoo, akaanza kuelekea kilimani. Hakuwa amefika mbali aliposikia hatua nyuma yake. Binti alikuwa amechukua ndoo ya pili.

"Haitasaidia, Mama," alisema. "Chumvi inatoka chini. Hata tukimwaga kisima kizima."

"Najua."

"Basi kwa nini twende?"

Mama aliitengeneza kata kichwani. "Twende tu," alisema. Walipanda, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwenye ile njia ambayo mama aliichonga peke yake.